Kito cha Mzee Ngwandu

Projekta ilionyesha ukutani kito chekundu cha Mzee Ngwandu, na darasa zima la jioni la kuchora kwa kompyuta likapiga makofi.

"Babu katuacha mbali!" alicheka Sauda.

"Tuone alivyoupaka huo mng'ao," alisema Mwalimu Tunu, akafungua matabaka ya picha. Kito cha kuchora huwa na matabaka mengi: la rangi, la kivuli, la mwanga. Hiki kilikuwa na moja tu, kama picha iliyochukuliwa mtandaoni.

Mzee Ngwandu, ambaye ndiye aliyewaombea dua kabla ya somo, aliinama.

"Si changu, mwalimu. Changu kilitoka kama nyanya."

"Kifungue tukione, baba."

Mzee akabofya kipanya. Nyanya ikajaa ukutani, na doa dogo la mwanga upande wa juu. Mwalimu akazima taa ili ionekane vizuri.