Harufu ya Siki Ghalani

Aafje alisikia harufu kabla hajakiona kitunguu kilichooza: harufu kali ya siki, kwenye kreti ya chini.

"Vipi, kuko salama?" aliuliza baba yake, aliyekaa akimenya maganda ya vitunguu vya kupandia maua ya tulipu. "Mimi usinitegemee. Tangu yale mafua pua imekufa, hata jibini iliyooza kwangu ni maji tu."

Begi la Aafje lilikuwa mlangoni. Basi la kwenda mjini Utrecht lilikuwa karibu kupita.

Kitunguu kimoja kilichochacha hutoa hewa inayoua maua machanga ndani ya vingine. Akisema amenusa kitu, ghala zima litachambuliwa kwa mkono mpaka vuli, wakati wa kupanda. Na mwenye pua hapa amebaki yeye peke yake.

Akazamisha mkono, akakipata. Kilikuwa chepesi, kimelegea kama shavu la mzee, kina ukungu mweupe kitakoni. Akakitia mfukoni.

"Safi, baba."

"Basi nenda, mwanangu. Mimi na hizi feni za ghala tutaelewana."

Akambusu utosini, akabeba begi. Mlangoni harufu ilikuwa bado naye. Akacheka kimoyomoyo: si ni hiki cha mfukoni. Akakitupa kitunguu mferejini, mbali, akafuta vidole kwenye suruali.

Akavuta pumzi. Feni zilikuwa zinapuliza kutoka ndani, na ile siki ikaja na upepo huo, nzito kuliko mwanzo.

"Bado upo?" baba aliuliza, bila kugeuka.