Gari Jekundu la Viti Viwili

"Papa Floribert, ile gari ya Théogène siku ikipata mipira, itabeba watu wangapi?"

Aliyeuliza ni jirani, Mama Uwimbabazi, amesimama njiani na ndoo ya maziwa kichwani.

"Iko na viti mbili tu," Floribert akajibu.

"Aa, mbili. Basi yeye na mwenzake wanatosha." Akaenda zake pole pole, asimwage hata tone.

Tangu siku hiyo Floribert alihesabu viti hivyo usiku na mchana. Yeye ndiye alikuwa kwado wa Karuba, fundi wa kuziba mipira kando ya barabara, na wivu wake ulijulikana mpaka Mushaki. Mke wake Mapendo, mwanamke mfupi wa kumfikia kifuani, hakuruhusiwa kupanda pikipiki. "Bibi yangu akamate motari kiuno mpaka Goma? Hapana, haiwezekane." Hata binti yao Uwitonze alipojifungua kule Goma, mtoto wa kwanza, Mapendo aliona sura ya mjukuu kwenye simu tu. Hakumlilia mumewe. Alimwomba Mungu tu.

Halafu, kabla ya swali lile la jirani, akaanza kwenda kwa Théogène.

Huyo alikuwa amefiwa na mke. Zamani aliendesha magari ya ferme, shamba kubwa la Mzungu, na Mzungu huyo alipoondoka akamwachia gari lake la mashindano, jekundu, la chini sana, kuku waliruka juu yake bila shida. Mashine yake bado iliwaka. Shida ni mipira. Ile ya zamani ilikuwa imepasuka kila mahali, inatosha kuzunguka uwanja wa ferme, ndani ya ukuta, basi. Kilomita moja ya mawe ingeimaliza.

"Weka janti zingine, kubwa, za taxi," Floribert alimshauri.

"Mashimo ya boluti hayakubaliane. Na mupira mukubwa utakula bodi." Théogène akapangusa janti, rimu ya chuma, kwa mkono wa shati. "Hizi njo zake. Unitafutie mipira ya inchi kumi na tatu, myembamba."

Floribert aliitafuta kweli. Akaikuta Birere, sokoni Goma, minne, imetoka kwenye karimoki kadogo, tela la kuvutwa na gari, meno yake bado marefu. Akarudi nayo juu ya lori la viazi, anapiga mluzi.

Alipoteremka, alisikia gari likizunguka nyuma ya ukuta wa ferme. Na juu ya sauti ya mashine, kicheko cha Mapendo.

Mluzi ukamfia mdomoni. Akaipeleka ile mipira kibandani kwake, akaificha pale ambapo hakuna mtu angeitafuta: katikati ya rundo la mipira iliyokufa.

"Saizi hii haitengenezwi tena, Papa Théogène," akasema kesho yake, macho chini. "Labda Ulaya."

Mapendo hakuacha kwenda. Alirudi mikono inanuka esanse, mafuta ya gari, anacheka peke yake akiosha sahani.

"Unafanya nini kule?" Floribert akauliza.

"Najifunza."

"Unajifunza nini?"

"Kuvumilia, Papa Uwitonze. Ule, chakula inapoa."

Siku moja alichungulia ndani ya gari lile. Kwenye kiti cha usukani aliona kitenge cha mke wake, kile cha korali, kimekunjwa mara nne. Mwanamke wake anatoa kitenge cha kuimbia Mungu ili makalio ya mwanaume mwingine yasiumie! Yeye mwenyewe, pale kibandani, alikalia jiwe.

Alitembea na kitenge hicho moyoni wiki nzima. Mwishowe wazo likamjia. Mipira ikipatikana siku ya Mungu, Mapendo akiwa anaimba kanisani, Théogène ataondoka peke yake. Dereva aliyekaa bila barabara miaka yote ile hatasubiri misa iishe.

Jumapili hakwenda kusali. Aliviringisha mipira mmoja mmoja mpaka kwa Théogène.

"Mungu amejibu, Papa! Imefika!"

Théogène aliupokea wa kwanza kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Floribert alifanya kazi ambayo hajawahi kumfanyia mtu. Alisugua kutu kwenye janti, akapaka sabuni ukingoni, akajaza upepo mpaka mpira ukakaa, pa! Akakaza boluti, akarudia kuzikaza. Malipo akakataa.

"Utoke leo leo," akahimiza. "Mvua inakuja. Pale Mushaki itakuwa utelezi mutupu."

"Kweli. Afazali itoke leo." Théogène akapiga simu, akasema neno moja tu: "Tayari."

Wakalisukuma gari nje ya geti. Théogène akaliwasha, akateremka, akaacha mlango wazi. Floribert akampa mkono, moyo umekuwa mwepesi.

"Safari muzuri, Papa. Usituwaze sana."

"Safari ya wapi?" Théogène akashangaa. "Miye niko hapa. Gari nilishauzisha tangu mavuno."

"Uliuzishia nani?"

Théogène akatazama njia ya kanisani. Mapendo alikuwa anateremka, bado na blauzi ya korali, mgongoni kifurushi cha nguo za mtoto mchanga. Alifika, akainama, akaminya mpira mmoja mmoja kwa kidole gumba.

"Papa Uwitonze, umeikaza muzuri?"

"Ndiyo," Floribert akajibu, kwa mazoea ya kazi.

Mapendo akaketi mbele ya usukani, juu ya kile kitenge kilichokunjwa mara nne, akavuta mlango, akashika njia ya Goma.