Breki za Miguuni

Baiskeli ya Sikudhani haikuwa na breki za mkononi; ukitaka kusimama ulirudisha pedeli nyuma, basi. Miaka yote aliyosambaza vifurushi mjini, miguu yake ilijua hivyo tu.

Leo tajiri wake, Bwana Kheri, alimkabidhi skuta.

"Breki ziko mkononi, dada. Usije ukasahau."

"Sitasahau."

Na kweli, kwenye tambarare hakusahau. Lakini alipouanza mteremko wa sokoni skuta ilishika kasi, na miguu ikarudi nyuma kutafuta pedeli. Ikakanyaga hewa. Ikakanyaga tena. Kandambili ya kulia ikamchomoka. Mikono iling'ang'ania usukani, na kadiri alivyoukaza kwa hofu ndivyo alivyozidi kuvuta mafuta.

Kule chini, mama muuza nyanya aliinua kichwa, akasimama nusu.

"Funga breki, mwanangu! Breki!"

Sikudhani alimsikia vizuri. Alijua zilipo. Akaviamuru vidole, lakini ni miguu iliyoitika, ikirudi nyuma, ikirudi nyuma, huku nyanya zikizidi kuwa kubwa, hata akaona ile moja iliyokatiwa wateja waonje.