Tundu la Hewa la Kichuguu

Paliondokea malkia wa mchwa aliyekigawa kichuguu chake nyumba mbili, ya askari na ya wakulima. Kila nyumba ilijenga tundu lake la hewa, yote yakaangukia mahali pamoja. La wakulima likafukia la askari. Askari wakabomoa, wakajenga upya. Mwishowe pakabaki tundu moja lililoziba, watoto wakaanza kuzimia.

Kitaya, mkuu wa askari, hakuwahi kumwachia yeyote kitu. Siku hiyo alimwendea mkuu wa wakulima.

"Dada, tundu si letu."

"Basi ni letu sisi?"

"Wala si lenu. Liwe nyumba ya tatu, sote tulitegemee."

Wakalizibua pamoja. Upepo ukashuka, ukaingia nyumba zote mbili kwa pumzi moja, na watoto wakazinduka. Kitaya akasimama chini ya tundu, kisha akasogea kando kumwachia mkuu wa wakulima nafasi.