Nyasi za Uani

Muuguzi alirudi kutoka zamu, akafungua mlango wa uani, akaganda. Nyasi zake zote zilikuwa zimeng'olewa. Udongo ulibaki mtupu, una mistari ya ufagio kama kichwa kilichotoka kuchanwa.

Alikuwa ameziomba hospitalini, akazipanda shina moja moja, akazinywesha maji ya kusuuzia nguo, ili mwanawe anayejifunza kutembea aache kuchubuka magoti.

"Nimekufagilia, mwanangu," mama mkwe alisema, ameketi mkekani. "Majani yalikuwa yamefika mpaka mlangoni. Watu watasema mwanangu hana mke."

"Ulijua nimezipanda, mama."

"Nilijua."

Tusi lilimfika muuguzi kwenye ncha ya ulimi, akalimeza. Mtoto akapiga hatua mbili kumfuata mama yake, akaanguka, akaangua kilio. Goti lilikuwa likitoka damu.

Muuguzi alimbeba, akauchukua ufagio pale ukutani, akaingia nao jikoni. Aliufungua kamba, akazichochea njiti zote motoni, chini ya sufuria ya maji.

"Mama," aliita kwa upole wote, "maji yako ya kuoga tayari. Njoo kabla hayajapoa."