Mpiga Pasi

Mara ya kwanza ubongo wa kaka yake uliwaka. Mara ya pili, ukazima.

Kichwa kilikuwa kilekile, na picha zilikuwa zilezile za asubuhi ileile. Alichobadilisha ni namna ya kuzisafisha tu. Alipozilainisha sana na kuivumilia mitikisiko, doa jekundu lilitokea karibu na sikio la kushoto, dogo kama kunde. Alipozisafisha kwa ukali, kompyuta ikitupa kila picha ambamo kichwa kilikuwa kimesogea walau nusu milimita, doa likatoweka.

Kazini walimwita Mpiga Pasi. Picha za ubongo hutoka kwenye mashine zikiwa na makunyanzi: mtu kameza mate, kakohoa, kashtuka. Yeye ndiye aliyezinyoosha kabla wakubwa hawajazisoma. Hakuwa na huruma na makunyanzi, na alijivunia hilo. Amewaona watafiti wangapi wakibadilisha pasi mpaka wapate doa walilolitaka!

Sasa alizitazama picha mbili za kaka yake na hakusikia kitu. Tangu ajali ile moyo wake ulikuwa na ganzi. Alikula, alioga, aliitikia salamu, basi.

"Ipi ya kweli?" aliuliza profesa, mkuu wa maabara, akiwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Sijui."

"Kichwa kimoja, majibu mawili. Wodini wanataka jibu moja. Kama hasikii, wanazima mashine ya kupumulia." Akakohoa. "Kazi hii ningempa mwingine, lakini mwingine sina."

Siku ya kupiga picha, aliyeita kwenye maikrofoni alikuwa wifi yake, mke wa kaka. Mgonjwa alilazwa ndani ya mashine, kichwa kimezungushiwa sponji, macho yamefumba, mpira wa hewa kooni. Utaratibu ulikuwa mwepesi: wifi aite, anyamaze, aite tena, anyamaze. Kama ubongo ulisikia, ungechangamka kila alipoita.

"Baba Pacha, unanisikia?"

Kimya.

"Baba Pacha, unanisikia?"

Walipomaliza, wifi aliweka maikrofoni mezani, akacheka kicheko kikavu. "Wifi yangu, hata mkimwamsha huyu hatanijibu. Miaka yote namwita, ananiinulia kidevu tu. Utadhani maneno ananunua dukani!"

"Ndivyo alivyo tangu utotoni. Hata mama alishamkatia tamaa," alisema Mpiga Pasi.

Wakabaki wakitazama kupitia kioo. Upande wa pili hapakuwa na kilichosogea. Tangu ajali, madaktari walikuwa wamembana kucha, wamemmulika macho, wamempigia makofi masikioni, na mwili ule haukusogea.

Sasa, mbele ya kompyuta, Mpiga Pasi angeweza kulichagua lile doa. Nani angemlaumu? Lakini alijua mitikisiko inavyodanganya: kichwa kikisogea kidogo tu, kompyuta huona uhai mahali pasipo na uhai. Na mitikisiko ilikuwepo, midogo, isiyoonekana kwa macho. Hata chanzo chake alikijua. Mashine ya kupumulia ilisukuma kifua, kifua kikasukuma shingo. Angekuwa mgonjwa wa watu wengine, asingesita hata kidogo. Kwa kuwa alikuwa kaka yake, alijikaza zaidi. Hakutaka kumpendelea.

"Tutumie ile kali," alimwambia profesa. "Doa ni mtikisiko tu."

"Una uhakika?"

"Ndivyo ningemfanyia mtu yeyote."

Wifi alipopigiwa simu hakulia. Aliuliza swali moja. "Umeangalia wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi. Wale madaktari siwaamini, lakini wewe nakuamini."

Mashine ilizimwa Ijumaa. Pacha walisimama upande wa miguuni, kila mmoja ameshika mguu mmoja wa baba yao juu ya shuka. Mpiga Pasi alikaa mlangoni akitazama saa ya ukutani, akijishangaa kwamba hata chozi hana.

Baada ya mazishi alirudi kazini, maana nyumbani hakuona la kufanya. Profesa alimpa pole, akazungukazunguka, akapanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Naona haya kukuomba hili," alisema mwishowe. "Wanafunzi wapya wanakuja. Sijapata mfano mzuri kuliko ule, wa doa la uongo linaloondoka kwa usafishaji mzuri. Jina tutalifuta."

"Hakuna shida," alijibu. Na kweli hakuiona shida. Zilikuwa picha.

Akazifungua. Ili wanafunzi waelewe, alitaka kwanza kuwaonyesha zile picha zilizotupwa, na jinsi pumzi za mashine zilivyokuwa zikikisukuma kichwa, moja baada ya nyingine, bila kukosea mwendo. Akachora mstari wa mitikisiko.

Haukufuata pumzi. Ulilala, ukapanda ghafla, ukashuka, ukalala tena kwa muda mrefu.

Alidhani amefungua picha za mtu mwingine. Akahakikisha, akakuta ni zenyewe. Ndipo akachukua mstari wa sauti ya wifi, ule unaoonyesha lini aliita na lini alinyamaza, akauweka chini ya ule wa kwanza.

Penye kimya, kichwa kilikuwa kimetulia tuli. Na kila baada ya "Baba Pacha, unanisikia?" kidevu kilikuwa kimeinuka kidogo, kisha kikashuka.