Binti Aliyekalia Jiwe

Stamenka wa ghorofa ya tatu anasema kisa chenyewe ni hiki: yule binti aliachwa na mchumba wake harusi ikiwa imeshapikiwa, akaapa hatamzalia mwanamume yeyote wa Serbia, ndipo akaja kukalia jiwe agandishe kizazi. Amejuaje? Binti mwenyewe hajasimulia neno. Lakini Stamenka hangoji kuambiwa ndipo ajue.

Jiwe lenyewe ni benchi. Manispaa iling'oa mabenchi ya mbao katika bustani iliyo kati ya maghorofa, ikaweka ya zege, na tangu hapo hakuna aliyekaa. Nani asiyejua kwamba baridi ya jiwe humpanda mzee mpaka kwenye figo, na msichana mpaka kwenye kizazi? Watu wakajifungia ndani na runinga zao. Desanka, mjane wa ghorofa ya chini, alimaliza msimu mzima wa baridi akiongea na redio, na redio haikumuuliza hata mara moja ameamkaje.

Sasa mgeni huyu amekaa. Sketi nyepesi, mwezi wa tatu, baridi bado haijaisha.

Kwanza yalifunguka madirisha. Kisha Stamenka akashuka na mto.

"Mwanangu, inuka hapo. Utakuja kulia."

Binti akashukuru, akasema hasikii baridi. Stamenka akapanda kuwaita wenzake.

Wakashuka. Huyu na sweta, yule na supu ya kuku, mwingine na wifi yake aliyewahi kuwa mkunga. Na kwa kuwa huwezi kumhubiria mtu mpaka jioni ukiwa umesimama, wakateremsha viti vya jikoni. Palipo na viti pakaja kahawa. Kesho yake na kesho kutwa vivyo hivyo. Mzee Miodrag naye akajileta na dhumna zake, akidai ana uchungu na vizazi vya taifa. Akajibiwa kwamba chake kiliganda zamani, na wanawake wasiosalimiana tangu ule ugomvi wa kuegesha magari wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Desanka alikuwepo kila siku na kiti chake, macho yakimng'aa. Miodrag aliposema atapigilia mbao juu ya zege, mambo yaishe, Desanka alimrukia: mbao zitaoza, misumari itachana nguo za watu, na tangu lini yeye akajua kushika nyundo? Hoja ikafa. Stamenka akamnong'oneza jirani kwamba mjane yule ana roho ya chuma: mtoto wa watu anaharibikiwa, yeye anaomba kahawa ya pili.

Jua lilipotua, binti aliaga akaelekea kituo cha basi, maonyo yakimfuata kama vifaranga nyuma ya mama yao. Waliobaki wakapatana kuwahi zaidi kesho, na Stamenka ataoka keki.

Desanka aliingia ndani kuosha vikombe. Dirisha la jikoni, lile la nyuma, likagongwa taratibu. Akalifungua, akamvuta binti ndani kwa mikono miwili, akamtia miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Shangazi," binti alisema, meno yakigongana, "kesho naomba nikalie japo gazeti."

Desanka aliinua kichwa kusikiliza vicheko vilivyokuwa bado bustanini, akamwongezea maji.